Mvuke Unaovuja Ni Kuni Zako: Namna Njema ya Kuunga Mabomba ya Boila

Wakulima wa chai wa Meru na Embu wajua vema kazi ya shambani. Wajua kuchuma majani mawili na chipukizi, kuyafikisha kituoni mapema kabla hayajaungua kwa jua, na kutia mbolea kwa wakati wake. Lakini majani yakisha kupimwa na kupakiwa katika lori, wengi hudhani kwamba kazi yao imekwisha, na kwamba mambo ya kiwandani ni ya mafundi peke yao.

Sivyo hata kidogo. Tangu kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilipofunguliwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957, mpango umekuwa kwamba mkulima asiishie kwenye kuuza majani tu. KTDA, iliyoanzishwa mwaka 1964 kama shirika la serikali, iligeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000. Viwanda kama Mungania, Rukuriri na Kathangariri upande wa Embu, na Imenti, Githongo, Kionyo na Kinoro upande wa Meru, vina wakulima kama wanahisa, na wakulima hao ndio wanaowachagua wakurugenzi. Basi kila shilingi inayopotea kiwandani hutoka katika bonasi yenu.

Mwezi huu twataka kueleza jambo moja ambalo mkulima aweza kulitazama kwa macho yake na kuuliza habari zake bila kuwa fundi. Jambo lenyewe ni namna mabomba ya mvuke yanavyoungwa.

KAZI YA MVUKE KIWANDANI

Katika kilo 100 za majani mabichi, kilo 75 hadi 80 ni maji. Chai iliyo tayari kutiwa katika magunia huwa na maji kiasi cha 3 tu katika 100. Maji hayo yote ni lazima yaondolewe kwa hewa, na hewa hiyo ni lazima ipashwe moto.

Boila huchoma kuni, mara nyingi za mikaratusi, na kuchemsha maji. Mvuke hutoka kwenye boila, hupita katika mabomba ya chuma, na kuingia katika redieta. Feni kubwa hupuliza hewa kupitia redieta, na hewa hiyo ya moto huenda kunyausha majani na kisha kuyakausha. Mvuke ukisha kutoa joto lake hugeuka kuwa maji tena, na maji hayo, yangali moto, hurudishwa kwenye boila.

Kwa nini hatupeleki maji ya moto tu? Jibu ni hili. Joto linalohitajika kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni zaidi ya mara tano ya joto linaloyapasha kutoka baridi ya barafu hadi kuchemka. Joto hilo lote hubebwa na mvuke, na hutolewa pale unapogeuka kuwa maji. Kwa hiyo mvuke ni mchukuzi hodari, lakini ukivuja njiani huenda na mzigo wake wote.

Wengine wenu katika skimu hamlimi chai, bali mwafuga ng'ombe wa maziwa. Habari hii yawahusu ninyi pia. Viwanda vingi vya maziwa hutumia mvuke kupasha maziwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15 ili kuua vijidudu. Na kikundi chochote cha wakulima kitakachonunua boila ndogo kesho kitakutana na maswali haya haya.

NGUVU ILIYOMO NDANI YA BOMBA

Katika nchi ya juu inakostawi chai, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndani ya boila mvuke umefungiwa, nao husukuma kila upande. Boila yenye presha ya pauni 150 kwa kila inchi ya mraba huwa na mvuke wa nyuzi 185 hivi. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke katika hewa ya kawaida hujaza nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Hapo mtaona kwamba kiungo kikifumuka ghafula, kinachotoka si kama mvuke wa birika la chai.

Tena, mvuke wenyewe hauonekani. Lile wingu jeupe mnaloliona ni matone ya maji baada ya mvuke kupoa. Karibu na tundu lenyewe hakuna kitu cha kuonekana, lakini ndipo palipo na hatari kubwa zaidi. Mtu asipitishe mkono wake kamwe kutafuta mahali panapovuja.

Mataifa mengine yalijifunza kwa machozi. Tarehe 20 Machi 1905, boila ililipuka katika kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, nchi ya Marekani, na watu 58 wakafa. Jimbo hilo likatunga sheria ya boila, na mwaka 1914 chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani kikatoa kanuni za kutengeneza boila ambazo zingali zikifuatwa, pamoja na mabadiliko yake, katika nchi nyingi. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka boila zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa na serikali.

NJIA TATU ZINAZOFAA

Bomba la mvuke haliwezi kuwa kipande kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni lazima liungwe, na kila kiungo ni mahali panapoweza kuvuja. Ziko njia tatu kubwa, na kila moja ina mahali pake. Kosa la watu wengi ni kuchagua njia moja, kwa kuwa fundi ameizoea au kwa kuwa ni rahisi, na kuitumia kila mahali.

Njia ya kwanza ni hesi, yaani ile mikato ya mzunguko kama ya skurubu, ambayo mafundi wengi huiita thredi. Ncha ya bomba hukatwa hesi, kisha hukazwa katika soketi, elbo au yunioni. Njia hii ni rahisi, haihitaji moto, na vifaa vyake hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Lakini kukata hesi hula unene wa bomba, na bomba linabaki dhaifu pale pale penye kazi nzito. Tena kila siku boila ikiwashwa na kuzimwa, chuma hurefuka na kufupika, na hesi hulegea kidogo kidogo. Kwa hiyo hesi itumike kwa mabomba madogo tu, ya inchi 2 au chini yake: bomba la geji, bomba la kutolea maji, na mengine ya namna hiyo. Bomba lenyewe liwe la aina nzito. Nayo dawa ya kuziba hesi iwe ile iliyoandikwa kwamba yafaa kwa mvuke wa joto lile. Katani iliyopakwa dawa yafaa kwa maji. Katika mvuke wa joto kali hukauka, huungua, na kuacha nafasi.

Njia ya pili ni flanji. Hizi ni sahani mbili nene za chuma zenye matundu pembeni, moja katika ncha ya kila bomba. Kati yake huwekwa gasketi, kisha hukazwa kwa bolti na nati. Faida ya flanji ni kwamba hufunguliwa na kufungwa tena. Kwa hiyo mahali pake ni penye valvu, penye redieta, penye pampu, na popote ambapo fundi atahitaji kutoa kitu ili akitengeneze. Hasara yake ni kwamba kila flanji ina gasketi, na kila gasketi huchakaa. Flanji zikiwa nyingi mno, basi na mahali pa kuvuja pamekuwa pengi mno.

Flanji yataka kazi ya uangalifu. Nyuso zake ziwe safi na zitazamane sawasawa. Haifai kuvuta bomba lililopinda kwa nguvu za bolti. Bolti zikazwe kwa kuvukana: moja ya juu, kisha ya chini, kisha ya kushoto, kisha ya kulia, kidogo kidogo, kwa mizunguko kadhaa. Ukikaza upande mmoja kwanza, gasketi hubanwa huku na kubaki huru kule. Gasketi iliyokwisha kutumika isirudishwe. Tena iwe ya namna inayostahimili mvuke, kama ile ya grafiti na chuma. Kipande cha mpira kilichokatwa katika taya kuukuu si gasketi ya mvuke. Na mkiona gasketi za zamani za asbesto, msizikwangue wenyewe. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu, na zaondolewa kwa utaratibu maalumu.

Njia ya tatu ni kuchomelea, ambayo watu wengi huiita welding. Ncha mbili za bomba huchongwa mshazari, huwekwa karibu, na kuyeyushwa pamoja pamoja na chuma cha kujazia. Kazi ikifanywa vema, kiungo hicho huwa na nguvu kama bomba lenyewe, hakina gasketi ya kuchakaa wala hesi ya kulegea. Hii ndiyo njia bora kwa bomba kubwa linalotoka kwenye boila, na kwa sehemu zote ndefu zisizohitaji kufunguliwa.

Lakini tuangalie hapa. Fundi hodari wa kuchomelea mageti na madirisha si lazima awe fundi wa mabomba ya mvuke. Katika geti, ukichomelea juu juu geti litasimama. Katika bomba la mvuke, moto ni lazima ufike hadi ndani kabisa ya ukuta wa bomba. La sivyo kiungo kitapendeza kwa nje, na ndani kutabaki ufa unaongoja siku yake. Mtakeni fundi aonyeshe cheti cha kuchomelea mabomba ya presha. Bomba lililopakwa zinki, kama lile la maji ya bomba nyumbani, lisitumiwe kwa mvuke. Likichomelewa, zinki hutoa moshi unaomwuguza fundi, na kiungo huwa na dosari. Chuma kinachotakiwa ni kile cheusi kisichopakwa zinki. Na bomba lenye presha ndani yake lisichomelewe hata kwa dakika moja. Lifungwe, litolewe mvuke, lipoe kwanza.

NJIA ZISIZOFAA

Bomba la plastiki la kunyunyizia mboga ni jema shambani. Katika mvuke halifai, kwa maana plastiki ile hulainika kabla maji hayajafika hata kuchemka. Hata zile plastiki ngumu zinazoungwa kwa pasi ya moto, na zinazofaa kwa maji ya moto ya kuogea, hazikutengenezwa kwa mvuke wa presha.

Kadhalika kulehemu kwa risasi. Risasi ya kawaida ya kulehemu, iliyochanganywa na bati, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Nasi tumesema mvuke wa boila yetu una nyuzi 185. Mwenye kulehemu bomba la mvuke kwa risasi ameliunga kwa kitu kinachoyeyuka kwa joto lile lile linalopita ndani yake.

CHUMA HUREFUKA

Hata kiungo kilichochaguliwa vema huharibika kama bomba halikupewa nafasi ya kurefuka. Chukueni bomba la mita 30, lililofungwa likiwa baridi, nyuzi 20. Mvuke wa nyuzi 185 ukiingia, bomba hilo hurefuka kwa sentimita 6 hivi. Likiwa limebanwa ncha zote mbili, nguvu ile yote huenda kwenye viungo: flanji hufumbuka, hesi hupasuka, na hata kiungo cha kuchomelea huweza kufa.

Dawa yake ni kulipa bomba kona au tao kubwa linaloweza kupindika kidogo, na kuliweka juu ya vishikio vinavyoliacha liteleze. Mkiona bomba la mvuke limepindwa kama mlango usio na ubao, msidhani fundi alikosea kipimo. Amelipa bomba mahali pa kupumulia.

MAJI NDANI YA BOMBA

Adui mwingine wa viungo ni maji. Mvuke ukipoa ndani ya bomba hugeuka kuwa maji, na maji yasipotolewa hukusanyika chini. Mvuke hukimbia katika bomba kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, na zaidi. Huyabeba maji yale kama lori lisilo na breki na kuyapiga kwenye kona au valvu. Mlio wake ni kama wa nyundo. Mkisikia mlio huo, viungo vinapigwa.

Kwa hiyo bomba lisilazwe sawa kabisa. Liinamie kule mvuke unakokwenda, sentimita 1 kwa kila mita moja. Mahali pa chini pawekwe mitego ya mvuke, yaani vyombo vinavyotoa maji na kuzuia mvuke. Na asubuhi valvu kubwa ifunguliwe polepole ili mabomba yapate moto kwanza.

Mjini New York, tarehe 18 Julai 2007, bomba la mvuke la inchi 24, lililolazwa chini ya barabara mwaka 1924, lilipasuka, likarusha udongo na mvuke juu kupita majumba ya jirani. Mtu mmoja alikufa na wengi wakaumia. Wachunguzi walikuta kwamba flanji iliyokuwa ikivuja ilikuwa imezibwa kwa dawa ya kudungwa ndani. Dawa iliyozidi ilikwenda ikaziba mitego ya mvuke. Mvua kubwa ilipolipoza bomba, maji yalijaa ndani bila pa kutokea, na pigo la maji likalipasua bomba. Basi mjihadhari na kuziba juu juu. Flanji ikivuja, bomba lipozwe, flanji ifunguliwe, gasketi mpya iwekwe.

HESABU YA TUNDU DOGO

Watu wengi husema, "Kuvuja kidogo si kitu." Natufanye hesabu. Tundu la milimita 3, ambalo ni dogo kuliko punje ya mahindi, kwenye presha ya pauni 150, hupoteza kiasi cha kilo 30 za mvuke kwa saa. Tukikadiria kwamba kilo moja ya kuni hutoa kilo 3 za mvuke, tundu hilo hula kilo 10 za kuni kila saa. Kiwanda kikifanya kazi saa 20 kwa siku, ni kilo 200. Kwa siku 25 za mwezi, ni tani 5.

Tani 5 za kuni kila mwezi kwa tundu moja! Ni miti iliyopandwa, ikapaliliwa, ikangojewa kwa miaka, ikakatwa na kuchukuliwa kwa lori, kisha ikatupwa hewani. Na bei ya gasketi nzuri haifiki hata karibu na hasara hiyo. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUULIZA

Katika mkutano wa mwaka, au wakurugenzi wanapowatembeza kiwandani, ulizeni kwa adabu lakini msione haya:

1. Bomba kubwa la mvuke limeungwa kwa njia gani, na fundi aliyelichomelea ana cheti gani?

2. Baada ya kuungwa, lilijaribiwa? Desturi njema ni kulijaza maji na kulitia presha mara moja na nusu ya ile ya kazi. Kwa boila ya pauni 150, jaribio ni pauni 225. Hutumiwa maji na si hewa, kwa sababu maji hayabonyei kama hewa. Kiungo kikishindwa, maji huvuja tu bila kurusha vyuma.

3. Je, kuna daftari la viungo vinavyovuja, lenye tarehe ya kuonekana na tarehe ya kutengenezwa? Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Cheti cha ukaguzi wa boila ni cha tarehe gani?

5. Mabomba na flanji zimefunikwa ili zisipoteze joto, na vifuniko vya flanji hufunguka ili zikaguliwe?

Na mkurugenzi anayeletewa bei mbili za kazi ya mabomba asitazame ile ya chini peke yake. Aulize kwanza hesi ni ngapi, flanji ni ngapi, na viungo vya kuchomelea ni vingapi, na kila kimoja kimewekwa wapi na kwa nini. Bei ya chini yenye hesi katika bomba la inchi 4 si rahisi. Malipo yake yatakuja baadaye, kwa kuni na pengine kwa ngozi ya mtu.

Kwa kifupi, wakulima, kumbukeni hivi: pasipofunguliwa, pachomelewe, panapofunguliwa, pawe na flanji, penye bomba dogo, hesi yatosha, plastiki na risasi zibaki mbali na mvuke. Stoka anayetia kuni usiku kucha pale chini ya mabomba ni kijana wa kijiji chenu, na kuni anazotia ni zenu. Viungo vizuri humlinda yeye, na huilinda bonasi yenu.